Beberu wa Rangi Nne

Mwanangu, ipo siku moja ambayo huwa inanijia kichwani hata nikiwa kwenye mtihani wa hesabu, mahali ambapo haitakiwi kabisa. Ilikuwa Jumanne, mapumziko ya saa nne, nyuma ya jiko la shule yetu hapa Endasak. Wakati huo nilikuwa kidato cha pili, kijana, nguvu zote ninazo. Sasa niko kidato cha nne na magoti yanalia nikiinuka kwenye dawati. Usicheke. Wewe uko kidato cha kwanza, na kwa hesabu ya shule mtu aliyekutangulia miaka mitatu ni babu yako. Toa mikono mfukoni, kaa vizuri, nikuambie jambo kabla sijaondoka.

Siku hiyo tulikuwa tunacheza kadi. Sisemi karata, zile wanazocheza wazee kule Katesh huku wakitukanana kwa heshima. Hizi zilikuwa kadi zetu wenyewe, tulizozikata kwenye maboksi ya sabuni. Tulikuwa watatu tulioanzisha mchezo. Zuhura, ambaye baba yake ana duka Katesh, ndiye aliyeleta maboksi, na kichwani ana sheria nyingi kuliko bunge. Safari, mtoto wa kijiji cha Nangwa, alikuwa anatamka maneno kama sita kwa siku, manne yakiwa shikamoo kwa walimu, lakini ukimpa penseli ya rangi anakuchorea mbuzi mpaka unataka kumfunga kamba. Na mimi nilikuwa mtunzi. Mimi ndiye niliyeamua kila kadi inafanya nini. Hebu fikiria mtu wa miaka kumi na tano kupewa madaraka kama hayo.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi, na wewe unaujua, ila nakueleza ulivyokuwa enzi zetu. Kila mchezaji ana kadi arobaini, na mbele yake anapanga maharage kumi. Hayo maharage ndiyo uhai wake. Kadi ziko za aina mbili, mashamba na viumbe. Kila zamu unaruhusiwa kuweka shamba moja mezani. Shamba linakupa rangi yake, na kiumbe anadai rangi ili ashuke. Akishashuka, zamu inayofuata anaweza kumpiga mpinzani, au kusimama mbele akukinge. Ukipigwa unatoa harage. Yakikuishia, umekwisha, nenda kafagie.

Rangi zilikuwa nne na kila moja ilikuwa na tabia yake. Nyekundu ni moto, inapiga haraka na kufa haraka. Kijani ni malisho, viumbe wake wanaanza wadogo halafu wananenepa. Bluu ni maji, inamlaza mwenzako usingizi apoteze zamu. Nyeupe ni ule ukungu unaoshuka kutoka mlima Hanang asubuhi na kumficha mtu na ng'ombe wake, kwa hiyo kazi yake ni kukinga.

Muhula wa kwanza watu walicheza rangi moja moja na walifurahi. Muhula wa pili nikaja na wazo la kadi za rangi mbili, na mwanangu, lile lilikuwa wazo zuri, sitajinyima sifa. Kiumbe wa kijani na nyekundu ananenepa halafu anapiga. Kiumbe wa nyeupe na bluu anakukinga huku mwenzako amelazwa. Mtu mmoja, tabia mbili, kama mjomba wako Jumapili asubuhi na mjomba wako huyo huyo Jumapili jioni. Shule nzima ilizipenda.

Hapo ndipo kichwa changu kilipovimba. Kama rangi mbili zimesifiwa, rangi tatu zitakuwaje? Nikatunga za rangi tatu. Zikasifiwa zaidi. Basi nikamtunga Beberu wa Rangi Nne. Anapiga maharage matano kwa mara moja na hakuna kiumbe anayeweza kumzuia. Safari alimchora kwa siku mbili, pembe moja nyekundu, pembe nyingine ya bluu, ndevu za kijani na mwili mweupe kama ukungu. Nilitembea naye kwenye mfuko wa shati, nikimtoa kidogo watu wamwone halafu namrudisha.

Sasa kumbuka kwamba kadi zetu zilikuwa za kubadilishana. Unanipa hii, nakupa ile. Watu wakaanza kutoa mashamba. Mashamba matatu kwa kadi moja ya rangi tatu. Mashamba manne kwa ya rangi nne. Zuhura akaniona kwenye bomba la maji akanisimamisha.

"Wewe mtunzi, umeona watu wanafanya nini? Wanatoa mashamba yote. Watashusha viumbe kwa kitu gani?"

"Hilo ni lao."

"Si lao, ni letu. Tunga shamba la mpakani, linalotoa rangi mbili. Na hizi za rangi nyingi zipunguze, zimezidi."

"Zuhura, nani atataka picha ya shamba? Watu wanataka beberu."

Nikacheka, na nikacheka mbele ya wenzake, jambo ambalo ni baya zaidi. Yeye akajaza ndoo yake akaondoka. Msichana akinyamaza namna ile ujue amekuandika mahali.

Narudi kwenye Jumanne yangu. Tumejipanga nyuma ya jiko, maharage mezani, meza yenyewe ni gunia, na Mwalimu Gidamis akatokea kwenye kona. Yeye ndiye alikuwa mwalimu wa nidhamu, na viatu vyake havikuwa na sauti, nadhani alivichagua kwa sababu hiyo.

"Shikamoo mwalimu," tukasema wote kama kwaya.

"Marahaba. Endeleeni. Nani anakula maharage ya mwenzake?"

Mwalimu akachukua harage moja, akalitazama kama shahidi wa kesi.

"Kamari," akasema. "Tena mmewekeana chakula."

Zuhura akasimama. "Hapana, mwalimu. Harage halipelekwi nyumbani. Mchezo ukiisha yote yanarudi kwenye kopo. Ni ya kuhesabia tu."

"Basi nionyesheni. Nataka nicheze mimi mwenyewe." Akaigeuza ndoo ya mpishi, akaikalia.

Mwanangu, mtu mwenye akili angempa mwalimu kadi rahisi za rangi moja. Mimi nilimpa arobaini zangu bora, zilizojaa rangi tatu na rangi nne, na beberu wangu humo ndani, ili aone kipaji. Safari akakaa kuwa mpinzani wake, naye akiwa na zilezile za kisasa.

Mwalimu akavuta kadi saba. Nilikuwa nyuma yake, nikaziona. Zilikuwa nzuri kama vitenge vya arusi. Shamba lilikuwa moja tu, jekundu.

"Naweka shamba," akasema. "Sasa namshusha huyu."

"Huyo anataka na bluu, mwalimu," nikasema.

"Basi huyu."

"Huyo anataka kijani na nyeupe pia."

"Na huyu mwenye ndevu?"

"Huyo anataka zote."

Safari naye alikuwa na shamba moja, la kijani, na mkono uliojaa viumbe wa ajabu wasioweza kushuka. Wakavuta kadi. Hakuna aliyeshusha. Wakavuta tena. Zamu ya sita, ya nane, ya kumi. Wanafunzi waliokuwa wamezunguka wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Mpishi alitoka jikoni, akatazama, akarudi kuangalia ugali kwa sababu ugali angalau ulikuwa unaelekea mahali. Kengele ilipolia, mwalimu alikuwa na kadi kumi na sita mkononi, amezishika kama mkungu wa ndizi, na maharage yake yalikuwa kumi kamili.

Akainuka, akapangusa suruali.

"Nilikosea. Hii siyo kamari. Kwenye kamari angalau kuna mtu anapata kitu." Watu wakacheka, na mimi nikatamani ile ndoo inifunike. "Nawapa mpaka Ijumaa, kipindi cha michezo. Nitacheza na mwanafunzi wa kidato cha kwanza ambaye hajawahi kuzigusa. Mchezo ukichezeka mpaka mwisho, mtaendelea nao. Usipochezeka, mpishi analalamika kuni zimelowa, na maboksi yanawaka vizuri."

Akaziweka kadi zote kwenye kopo, akampa Safari azitunze. Safari akalikumbatia lile kopo. Alizichora zote kwa mkono wake, mwanangu, kila pembe na kila jani. Njiani kurudi darasani akasema sentensi yake ya siku.

"Zikichomwa, mimi sichori tena."

Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana nilijua kweli hatachora.

Jioni nikampitia, akaniazima lile kopo, nikapanda nalo kwa bibi yangu, huko juu mlimani ninakokaa. Nilimkuta mlangoni anachambua maharage kwenye ungo. Nikamsalimia, akaitika, akaniambia chakula kipo. Nikasema sina njaa. Bibi yangu amelea watoto tisa, na anajua kwamba mvulana asiye na njaa ni mgonjwa au ana kesi.

"Leta hiyo kesi," akasema.

Nikazipanga kadi juu ya gunia, nikamweleza mchezo wote. Alisikiliza huku vidole vinaendelea na maharage. Mwisho akanyoosha kidole.

"Huyu ni nani?"

"Beberu, bibi."

"Mbona ndevu zake kama zina ukungu wa mkate?"

"Ni za kijani. Ni wa rangi nne. Akishuka mezani anamaliza mchezo."

"Ameshashuka mara ngapi?"

Nikafikiri. Nikafikiri tena. "Hajawahi, bibi."

"Basi huyo siyo beberu. Ni picha."

Nikamgeuza beberu kifudifudi. Yeye akaelekeza kidevu shambani kwake, nje ya mlango.

"Pale nimepanda nini?"

"Mahindi, maharage na mbaazi."

"Mbona sikuweka na ngano, na alizeti, na viazi, na vitunguu, vyote shimo moja?"

"Vingebanana."

"Hata hivi vitatu vingebanana, ila nimevichagua. Mahindi yana haraka. Mbaazi zinachelewa, mahindi yakitaka jua zenyewe bado ziko chini hazimsumbui mtu. Mahindi yakivunwa, shamba linabaki lao. Maharage hapo katikati yanakomaa mapema yanaondoka, hakuna anayegombana nayo. Kila kimoja nimekiweka kwa sababu ya mwenzake. Wewe huyu umempa rangi ya nne kwa sababu ya nani?"

"Ili awe mzuri."

"Mzuri kwa nani?"

Nikajaribu kutafuta jibu lingine, lakini lilikuwepo moja tu. "Kwangu."

"Umesema mwenyewe. Umetunga ili usifiwe, wenzako umewaachia mikono iliyojaa na meza tupu. Hakuna aliyekuonya?"

"Zuhura alinionya."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamcheka."

Bibi akatoa jiwe kwenye maharage, akalitupa nje. Hakupandisha sauti, na mimi ningependa angepandisha.

"Kesho utaanza na huyo binti. Ukimaliza naye ndiyo uje kwenye hizi karata."

"Ni kadi, bibi."

"Nyamaza, nenda kale."

Nikala. Sahani mbili, kwa sababu kesi ilikuwa imeshasikilizwa.

Asubuhi, kabla ya paredi, nikamfuata Zuhura aliposimama na wenzake wale wale. Nikamwambia nilikosea kumcheka, na kwamba alichosema kuhusu mashamba kilikuwa kweli chote. Akamwonyesha Safari kwa kidole.

"Rudia, Safari hakusikia."

Safari alikuwa amesimama pale pale, na alikuwa amesikia vizuri sana. Nikarudia. Safari akatikisa kichwa kwamba bado. Nikarudia mara ya tatu, wakacheka mpaka mwalimu wa zamu akatugeukia. Nikajua tumeshakuwa watatu tena.

Tulifanya kazi siku mbili, mapumziko yote na njia nzima ya kurudi nyumbani. Zuhura alikuja na mashamba yake ya mpakani. Shamba la mpakani linakupa rangi moja kati ya mbili, utakayochagua, lakini unapoliweka linalala kwanza, linaamka zamu inayofuata. Nikamuuliza kwa nini lilale. Akasema likikupa rangi mbili na haraka pia, nani atalitaka tena shamba la kawaida? Nikaandika kama alivyosema.

Kisha tukapunguza. Kwenye kila kadi arobaini, mashamba yakawa kumi na saba. Za rangi mbili zikabaki nane tu, ili mtu akiipata moja moyo uruke. Za rangi tatu na nne tukazifuta kabisa, na Beberu mwenyewe Safari akamchora upya, kijani na nyekundu, anapiga maharage mawili. Yule wa zamani nilimuaga kwa heshima zote. Huyu mpya alionekana ana furaha zaidi, kusema kweli.

Halafu tukatunga za katikati, na hizi ni zangu, nazipenda mpaka leo. Ni kadi ya rangi moja unayoweza kuishusha mapema, lakini ukiwa na rangi ya pili mezani inakufanyia jambo la ziada. Kwa hiyo aliyekosa rangi ya pili hakai bure, na aliyeipata anafurahi. Mwisho tukakaa tukaipa kila jozi kazi yake. Rangi nne zinatoa jozi sita, na kila jozi tuliiuliza swali moja: wewe unashindaje? Nyekundu na bluu inapiga halafu inakulaza usilipe kisasi. Nyeupe na kijani inavumilia, inakinga wadogo mpaka wakue. Jozi isiyo na jibu tuliitunga upya.

Ijumaa ikafika. Mwalimu Gidamis alikalia ndoo yake ile ile. Kutoka kidato cha kwanza alimchagua Neema, binti mdogo kuliko wote, ambaye daftari lilikuwa karibu kumzidi kimo. Mwalimu akapewa nyeupe na kijani, Neema akapewa nyekundu na bluu. Safari alisimama kando na mikono nyuma, hatazami kadi, anatazama jiko.

Mwalimu akaweka shamba la mpakani.

"Limelala?"

"Linaamka zamu ijayo, mwalimu," nikasema.

"Kama wewe kipindi cha kwanza."

Watu wakacheka. Zamu ya pili Neema akashusha mbweha mwekundu, na zamu iliyofuata mbweha akapiga. Mwalimu akatoa harage la kwanza, taratibu, kama anatoa jino. Akashusha kondoo. Neema akamlaza kondoo kwa kiumbe wa bluu, akapiga tena. Mpishi akatoka jikoni na mwiko wake, na safari hii hakurudi. Mwalimu akabaki na maharage matatu. Lakini kondoo alikuwa amenenepa, akaanza kulipiza, na Neema naye akashuka mpaka manne. Waliokuwa wanacheza mpira wakaacha mpira. Mtu akaniegemea mgongoni, sikujua ni nani, sikujali.

Mwalimu akabaki na harage moja. Mbele yake amesimama kondoo mnene wa kumkinga. Zamu ya Neema. Akavuta kadi, akaitazama, akaifunika kifuani.

"Mwalimu, naomba zamu hii nipite."

"Umekosa cha kucheza?"

"Ninacho."

"Sasa unapita kwa nini?"

Neema akatazama viatu vyake. "Utakasirika."

Mwalimu akaweka kadi zake chini. "Neema, nilikuja hapa kucheza. Ukinihurumia ndiyo nitakasirika. Cheza."

Akashusha Ndege wa Cheche, kadi ya rangi moja, nyekundu, mojawapo ya zile za katikati. Kwa kuwa alikuwa na shamba la bluu mezani, yule ndege akafanya jambo lake la ziada, kondoo akalala. Mbweha akapita. Mwalimu akalitazama harage lake la mwisho, akalichukua kwa vidole viwili, akaliweka mbele ya mtoto wa kidato cha kwanza.

Sufuria ilikuwa inachemka jikoni bila mtu wa kuiangalia. Safari alikuwa bado anatazama jiko.

"Changa tena," akasema Mwalimu Gidamis. "Na safari hii mimi nachukua nyekundu."

Zile kelele zilizofuata sijawahi kuzisikia hata timu yetu ilipofunga goli. Mpishi alimnyanyua Neema na mwiko mkononi. Kengele ikalia, mtu akamkumbusha mwalimu, naye akasema kengele ni ya wanafunzi. Na Safari, mwanangu, Safari akamgeukia Zuhura akaongea maneno mengi kuliko ya wiki nzima.

"Leta boksi lingine Jumatatu. Nataka kumchora upya yule mbweha, miguu ya nyuma sikuipatia."

Sasa sikiliza ninachotaka kukuachia, maana kopo hili kuanzia leo ni lako. Ukitunga kadi, tunga kwanza mashamba. Mtu akikosa cha kushusha, uzuri wa mkono wake haumsaidii. Rangi ya pili iongeze pale ambapo ya kwanza inaihitaji, na ukiulizwa inafanya nini uwe na jibu fupi. Kilicho kizuri sana kifanye kichache. Kila kadi mpya mpe mtu ambaye hajaizoea aicheze mbele yako, na wewe ukae kimya utazame, hata kama ulimi unawasha. Na mwenzako akikuambia kazi yako haichezeki, usimcheke. Huyo ndiye peke yake aliyeicheza kweli. Ukishamcheka, nenda ukamwombe radhi mbele ya wale wale waliosikia kicheko, na akitaka urudie mara tatu, rudia.

Mungu akujalie mwanangu, akupe macho ya kuona mwenzako anaposhindwa kucheza, na marafiki wasioogopa kukukosoa. Kila ukivuta saba zako za kwanza, mashamba yawe matatu. Uwashinde walimu wako kwa adabu, ushindwe na wadogo zako kwa furaha, na mvua isikukute na kadi mfukoni. Amina. Haya, changa.